Kabla ya kununua megabiti zaidi, vyuo vikague kumbi na makabati yao

Mhariri,

Kila muhula ukifunguliwa hapa Mombasa, wanafunzi wa vyuo vikuu huwa na lalamiko lile lile: waifai imeshika, lakini haifungui kitu. Na jibu la wakuu huwa lile lile: tutaongeza megabiti. Tunaandika kwa sababu jibu hilo linakula karo za watu bila kuponya ugonjwa. Kasi inayoingia chuoni kwa faiba mara nyingi inatosha. Inapotelea ndani ya ua, kati ya chumba cha seva na kiti cha mwanafunzi.

Mji huu hauna uhaba wa nyaya za baharini. TEAMS na SEACOM zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja 2012, na nyingine zimetua baadaye. Kwa hivyo anayetaka kujua tatizo liko wapi apime, asikisie. Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Chukua laptopu mbili saa tano asubuhi siku ya masomo, chuo kikiwa kimejaa. Moja iunganishwe kwa waya kwenye swichi kuu (kifaa kinachogawa nyaya za mtandao), nyingine ikae ndani ya ukumbi kwa waifai. Zote zitume ping (ujumbe mfupi wa kupima muda wa jibu) mia moja kwa ruta ya chuo yenyewe, ile inayounganisha chuo na nje, kisha mia nyingine kwa seva iliyo nje. Ikiwa ya waya inajibiwa na ruta kwa milisekunde moja au mbili, na ya waifai inangoja mia mbili huku nyingine zikipotea, hakuna megabiti itakayosaidia, maana ping hizo hazijatoka hata getini. Zote mbili zikifika kwenye ruta upesi na kukwama huko nje, hapo ndipo wa kuulizwa ni mwenye kuuza laini.

Tuanze na ukumbi, kwa kuwa hapo ndipo maumivu yalipo. Ukumbi wa viti 300 una simu 300 na laptopu kadhaa juu yake. Kile kisahani cheupe cha waifai kilichobandikwa darini huongea na kifaa kimoja kwa wakati mmoja katika chaneli yake. Wengine wote hungoja zamu. Simu iliyo mbali na inayopokea kwa udhaifu hutumia muda mrefu zaidi kwa ujumbe ule ule, na foleni nzima nyuma yake husimama. Ndiyo maana mafundi hupanga kisahani kimoja kihudumie watu thelathini hadi hamsini wanaotumia mtandao kwa pamoja. Ukumbi kama huo wataka visahani sita hadi kumi. Nyingi ya kumbi zetu zina kimoja au viwili, tena vimewekwa kwenye ujia nje ya mlango ili vionekane vimegawiwa kila ghorofa. Katika majengo yetu ya zamani ya mawe ya matumbawe, na hata ya zege, mawimbi ya gigahezi 5 yakishapita ukuta mmoja mnene huwa yamekwisha nguvu. Kisahani kikae ndani ya chumba kinachohudumiwa.

Lakini kuongeza visahani bila mpango huzidisha vurugu. Katika gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kisahani cha nne humo ukumbini kitapiga kelele juu ya mwenzake. Kwa hiyo vya ziada vizimwe upande wa 2.4, viachiwe gigahezi 5 peke yake, na upana wa chaneli uwe megahezi 20 au 40, si 80. Halafu zimeni kasi za kale za megabiti 1, 2, 5.5 na 11. Zikiachwa wazi, kila tangazo la jina la mtandao hurushwa kwa mwendo wa konokono, na kila jina lina matangazo yake takriban kumi kwa sekunde. Chuo chenye majina manane, la wanafunzi, la wahadhiri, la wageni, la maktaba, la mkutano wa mwaka juzi ambalo hakuna aliyelifuta, kinatumia sehemu kubwa ya hewa kutangaza majina matupu. Matatu yanatosha.

Jambo moja huwashangaza wengi: nguvu ya kurusha ipunguzwe. Simu ina antena ndogo na betri ndogo. Kisahani kikipaaza sauti, simu inakisikia na kuonyesha vijiti vyote, ila jibu lake halifiki. Mwanafunzi huona vijiti vinne na ukurasa haufunguki, naye ana haki ya kukasirika.

Sababu ya pili ya waifai kushika bila kufungua ni uhaba wa anwani (namba ambayo mtandao hukipa kila kifaa), na hii hairekebishwi kwa pesa hata kidogo. Mitandao mingi imeachwa kama ilivyotoka dukani, na nafasi ya anwani 254 kwa mtandao mzima wa wanafunzi. Kila simu inayopita getini huchukua moja, nayo hushikiliwa kwa saa 24, na katika seva nyingine kwa siku nane, hata mwenyewe akiwa amekwisha panda matatu kurudi Bamburi. Ikifika saa tatu asubuhi zimekwisha. Dalili yake ni rahisi kuiona: fungua mipangilio ya mtandao kwenye laptopu, na ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ujue mashine imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Dawa ni kupanua nafasi hadi anwani 1,022 kwa kila eneo, yaani /22 badala ya /24, na kufupisha muda wa kushikilia uwe saa moja au mbili. Fundi mmoja humaliza kazi hiyo alasiri moja.

Sasa makabati ya swichi. Miongozo ya vifaa huandikwa kwa hali ya hewa isiyo ya kwetu, na hapa Pwani chumvi na joto havina huruma. Betri za asidi zilizo ndani ya UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapopotea) hupangiwa umri wake kwa nyuzi 25. Kwa kila nyuzi kumi zaidi, umri huo hupungua kwa kadiri ya nusu. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 35 bila shida, kwa hivyo betri iliyouzwa kuwa ya miaka minne imekwisha ndani ya miwili. Haitatoa ishara. Taa ya kijani itaendelea kuwaka mpaka siku umeme utakapopotea, na swichi itazimika papo hapo. Andikeni tarehe ya kuwekwa kwa wino juu ya kila betri, na mara moja kwa mwezi, saa ambayo hakuna mtihani, zimeni umeme wa kabati kwa dakika kumi mwone. Ikishindwa dakika kumi, ibadilishwe. Msiingoje siku kama ile ya tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba karibu nchi nzima.

Chumba cha seva kiwe na viyoyozi viwili vinavyopokezana zamu, kimoja wiki hii na kingine wiki ijayo, ili kikiharibika kimoja kusiwe na dharura. Wala kiyoyozi kisifungwe juu ya kabati. Mfereji wake wa maji huziba kwa vumbi na ukungu, na tone la kwanza huangukia swichi. Ni kosa dogo la fundi wa ujenzi linalogharimu mtandao wa jengo zima.

Chumvi nayo hufanya kazi kimya kimya. Chomoeni kichwa cha waya kilicho nje ya jengo kwa miaka miwili mkitazame juani: zile shaba nane zilizokuwa na rangi ya dhahabu zina ukoga wa kijani. Waya hiyo bado inapitisha data, lakini badala ya gigabiti moja imeshuka hadi megabiti 100, na watu ghorofa ya tatu wanasema mtandao umekuwa mzito tangu Ramadhani. Vifaa vya nje viwe na kiwango cha IP67 (visivyoingiza vumbi wala maji), skrubu na vishikizo viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316, na viungo vyote vitiwe jeli ya kuzuia unyevu. Baina ya jengo na jengo isipite shaba kamwe. Shaba ina mwisho wa mita 100, na radi za masika hupenda kupita humo hadi kwenye swichi. Hapo ni faiba.

Tukija kwenye mfumo wa usajili, wiki ya kwanza hujulikana. Mwanafunzi amelipa karo kwa M-Pesa saa nne usiku, ujumbe umeingia, na asubuhi mfumo unasema hajalipa. Kadi ya mtihani haitoki. Kwa kawaida pesa hazijapotea. Namba za usajili za vyuo vyetu zina herufi, mikwaju na mwaka, na mlipaji ambaye huenda ni mzazi aliyeko Lunga Lunga ameandika bila mkwaju, au ameweka nafasi katikati, au ameandika herufi O mahali pa sifuri. Mfumo haumtambui, malipo yanatupwa kwenye akaunti ya yasiyo na mwenyewe, na karani mmoja wa ofisi ya fedha anayapekua kwa mkono. Ombi la malipo lianzie ndani ya mfumo: mwanafunzi abonyeze, namba ikiwa imejazwa tayari, na simu ya mlipaji iulize PIN tu. Kwa wanaolipa kwa njia ya zamani, mfumo uondoe mikwaju na nafasi kabla ya kulinganisha, na ulinganishaji ufanyike kila robo saa badala ya kungoja mwisho wa siku. Pia usajili ugawanywe kwa vitivo na miaka, siku mbili mbili. Kuwaita wanafunzi wote Jumatatu moja na tarehe moja ya mwisho ni kuiangusha seva kwa makusudi.

Wahadhiri nao wana fungu lao. Maelezo ya kurasa arobaini yaliyoskaniwa kwa rangi katika nukta 600 kwa inchi hubeba nukta mara tisa ya yale ya 200, na kwa maandishi meusi jicho halioni tofauti. Anayeyapakua kwa bando la shilingi ishirini huiona. Skaneni kwa 200, rangi nyeusi na nyeupe.

Haya yote hayatajulikana ikiwa hitilafu zinaripotiwa kwa ujumbe wa WhatsApp kwa fundi anayefahamika. Ujumbe huo huzama, na fundi akienda likizo chuo hakina kumbukumbu. Kila ripoti ipewe namba na iwe na mambo manne: jengo na chumba, saa, kifaa, na maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini. "Mtandao haufanyi kazi" si ripoti. Baada ya mwezi mmoja orodha itaonyesha yenyewe ni kabati lipi linaloua watu. Nywila zilizosahauliwa ziwekewe njia ya mwenyewe kujibadilishia kwa SMS, kwani kazi hiyo humeza asubuhi nzima za mafundi.

Kuhusu akiba ya data tutasema kwa ufupi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya chuo, na kila muhula jaribuni kurudisha faili kutoka kwenye nakala hiyo. Alama za wanafunzi ni data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka uvujaji wenye hatari kwao uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Na kwa vyuo vilivyo chini ya KENET (mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya), eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, iwashwe ipasavyo, ili mwanafunzi wa Tudor akifika chuo cha Kilifi simu yake ishike bila kuomba nywila. Tafadhali msimwambie achague kutothibitisha cheti cha seva (kinachoonyesha kuwa seva ni ya kweli) ili aunganishwe haraka. Mwizi aliyekaa mkahawani na kifaa chenye jina hilo hilo atachukua nywila yake.

Laini ya pili ikinunuliwa, swali la kwanza kwa muuzaji liwe inapita wapi. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na aliyekuwa na laini mbili zinazotegemea nyaya hizo alikaa gizani sawa na mwenye moja.

Tunawaomba wakuu wa vyuo watumie Agosti, kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuripoti. Anzeni na ukumbi mmoja, ule mkubwa kuliko yote. Pimeni ping, badilisheni nafasi ya anwani, zimeni kasi za kale, ondoeni majina yaliyozidi, kisha pimeni tena ukumbi ukijaa Septemba na mbandike namba zote mbili mlangoni.

Mafundi wa mitandao,
Mombasa