Wapagazi wa Vita Kuu waandikwe majina Mkunazini

Mhariri,

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawaona viongozi wakiweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale na shada la maua kwenye mnara. Ni jambo jema. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wetu waliokufa kwa wingi kuliko wote hawakushika mkuki wala bunduki. Walijitwika mizigo. Ombi langu ni kwamba wale waliotoka Zanzibar waandikwe majina yao katika uwanja wa kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe.

Wengi watauliza, kwa nini kanisani? Jibu lake lina jina: Askofu Frank Weston. Wanaotembeza wageni Mkunazini husimulia habari za soko la watumwa, za Askofu Steere aliyelijenga kanisa juu ya soko hilo, na za msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Weston hutajwa kwa nadra, na akitajwa, vita haimo. Askofu huyu wa Zanzibar ndiye aliyekusanya kikosi cha wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916. Jeshi la Waingereza likampa cheo cha meja, akavuka nao bahari na kutembea nao bara. Hakutaka watu wa kisiwa chake wachukuliwe kama punda, wakose wa kuwasemea. Vita ilipokwisha aliandika kijitabu mwaka 1920 akiishambulia serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwatumikisha Waafrika kwa shuruti. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kubishana naye kuhusu dini na ukoloni, lakini kwa hili alisimama.

Sasa tuangalie waliokumbukwa. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga hapa bandarini, inatengenezwa mitambo. Mabaharia waliouawa walizikwa kisiwani Chapwani, na ukienda leo kwa mashua utasoma majina yao. Sina kinyongo nao. Walikuwa vijana wa watu. Ila Pegasus ilikufa asubuhi moja, na wapagazi walikufa kwa miaka minne.

Idadi ya wapagazi waliofia upande wa Waingereza, kwa hesabu za Waingereza wenyewe, inakaribia laki moja, na watafiti wanasema walikuwa wengi zaidi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao vifo vyao havikuwekewa hata hesabu. Farasi na ng'ombe walikuwa wakifa kwa mbung'o, barabara hazikuwapo, basi kila risasi na kila gunia lilipanda kichwani mwa mtu. Risasi za adui ziliwaua wachache. Waliowamaliza ni kuhara damu, malaria, kichomi, na chakula chenyewe. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, akafika kambini usiku amechoka, kuni zimelowa mvua, akala ugali mbichi. Kesho yake tumbo linamkata, na mzigo unamngoja palepale alipoutua.

Baada ya vita kulikuwa na tume ya Kiingereza ya kushughulikia makaburi. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo. Ilipofika Afrika Mashariki kanuni hiyo ikawekwa kando. Gavana wa Tanganyika wa wakati huo, Horace Byatt, alionelea kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Yakarudi. Tume hiyohiyo ilikiri mwaka 2021, katika ripoti yake yenyewe, kwamba wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Kilichojengwa badala ya majina tunakijua. Pale Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki mbele, singe imeelekezwa bandarini. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maandishi hayo yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, na yanamwahidi mtu kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nimeisoma ahadi hiyo mara nyingi nikisubiri kuvuka barabara. Kwenye jiwe zima hakuna jina hata moja.

Waingereza kwao hawakufanya hivyo. Serikali yao ilikataza maiti zisirudishwe nyumbani, kwa hiyo mama aliyefiwa na mwana Ufaransa, au Tanga, hakuwa na kaburi la kwenda. Ndiyo maana katika vijiji vyao utakuta msalaba wa mawe kwenye ua wa kanisa la mtaa, na majina ya vijana wa pale yamechongwa moja moja: mkulima, mtoto wa bwana mkubwa, mhunzi, wote pamoja. Lile jiwe lilikuwa kaburi la wasio na kaburi. Bibi zetu wa Ng'ambo na Makunduchi hawakupata hata hilo.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, tena ni la haki. Zanzibar ya 1916, kama ya leo, ilikuwa ya Waislamu. Je, jina la Juma au Khamis lichongwe kwenye uwanja wa kanisa? Mimi nasema waulizwe wenyewe, yaani familia, na masheikh washirikishwe tangu mwanzo, si waalikwe siku ya kufungua. Lakini tukumbuke kwamba uwanja ule tayari unabeba kumbukumbu isiyo ya Wakristo. Yale masanamu matano yaliyomo shimoni, yenye minyororo shingoni, aliyoyatengeneza Clara Sörnäs wa Sweden, ni ya watumwa ambao hakuna anayejua waliomba kwa lugha gani. Hakuna aliyelalamika. Na ikiwa familia zitasema hapana, basi mahali pawe pengine, Mnazi Mmoja au bandarini walikopandia meli. Mimi nitakuwa wa kwanza kuhama na wazo langu.

Ombi langu la pili ni kwamba tusijenge sanamu nyingine. Sanamu tunazo, na sanamu ni njia rahisi ya kukwepa majina. Wala tusiweke bamba la shaba. Mnajua nyote bamba la shaba hudumu siku ngapi kabla halijafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Cape Town walifungua ukumbusho mwaka 2025 katika bustani ya katikati ya jiji, kwa ajili ya Waafrika Kusini zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi waliokufa katika vita hiyohiyo, wengi wao hapa kwetu Afrika Mashariki. Kila mtu ana nguzo yake ya mti, na jina lake limo. Mti wenyewe ni mvule. Sisi wenye mafundi wanaochora milango ya Mji Mkongwe tangu enzi na enzi tunakosa nini? Mbao za mvule chini ya kibaraza, mvua isizifikie, jina likipatikana linachongwa, na nafasi inaachwa kwa lijalo. Hata tukianza na majina kumi.

Majina yatoke wapi? Hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani ina mafaili ya misheni na ya serikali ya wakati ule, na wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu wanahitaji kazi ya kufanya zaidi ya kunakili tasnifu za wenzao. Parokia nazo zina madaftari. Halafu yako majumbani: bibi aliyesikia kwa mama yake kwamba fulani alichukuliwa vitani bara, hakurudi. Kumbukumbu hizo zinakwenda na wazee, na hazitaki kamati wala bajeti ili zianze kuandikwa.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, Mhariri, litoe kona ndogo kwa muda wa mwaka mmoja ambapo msomaji yeyote, wa Unguja au Pemba, anaweza kuleta jina la mpagazi wa ukoo wake, mtaa au shehia aliyotoka, na nani aliyesimulia. Orodha hiyo ipelekwe Kilimani ilinganishwe na mafaili, kisha ndipo tuwaendee viongozi wa kanisa na masheikh tukiwa na karatasi mkononi.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Zanzibar