Kuzima na kuwasha si ukarabati

MHARIRI,

Mimi hufunga vipimo vya maji kwenye matangi ya ploti za Umoja na Kayole. Februari msimamizi wa ploti moja alinipigia saa kumi na moja alfajiri: "Fundi, tangi limekauka na ujumbe wa mwisho wa mashine yako unasema asilimia 83. Wapangaji wamenijazia mitungi mlangoni." Nikamjibu tunavyojibu mafundi wa mji huu: zima, uwashe. Ikafufuka. Siku ya tisa ikaganda tena.

Safari hii nilipanda paani na laptopu. Kile kidude ni Arduino Uno, kadi ndogo ya kompyuta, na memori yake ya kazi ni baiti 2,048 tu, baiti moja kwa kila herufi. Baiti 412 zilikuwa wazi, lakini kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa 58, na ujumbe ulihitaji 90 zilizoshikana. Ni kama matatu ya abiria 14 iliyobakisha viti vitatu, kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma, halafu anapanda mama na watoto wawili wasiokubali kutenganishwa. Kwenye matatu konda angesema "songeni hapo". Humu hakuna wa kusongeshwa, maana programu imeshika anwani ya kila abiria. Ukimhamisha, itamtafuta kwenye kiti cha zamani na kumkuta mwingine.

Aliyeitoboatoboa memori ile ni mimi. Kila kipimo niliunda maneno mapya ya urefu tofauti, "tangi 9", "tangi 100", nikiomba nafasi na kuirudisha. Katikati ya hayo laini ya simu ilipokea matangazo ya usiku ya herufi 160 (nani hununua bando saa nane usiku?), yakakalia nafasi huku vipande vya jirani vikiachwa. Siku ombi liliporudi mikono mitupu, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa kuliangalia.

Dawa ilikuwa nafasi moja ya herufi 161, yaani 160 na sifuri ya kuonyesha ujumbe umeishia wapi, niliyoitenga tangu programu inaanza. Kila ujumbe huandikwa humo humo juu ya uliotangulia. Tangu Machi kidude hakijazimwa.

Wala si uvumbuzi wangu. Mwaka 2006 Gerard Holzmann wa maabara ya NASA ya Jet Propulsion aliandika kanuni kumi za programu zisizotakiwa kukosea, na ya tatu yasema usiombe memori mpya baada ya programu kuanza. Wenzangu wa Luthuli Avenue huniambia ninunue kadi kubwa zaidi. Kwa programu ile yangu ya kwanza, ingenisogezea tu ile siku ya tisa.

Nilipokuwa chuoni, mradi wangu ulipewa alama baada ya kuwaka dakika kumi mezani. Naomba walimu wauache wa mwanafunzi ukiwaka siku 30 kabla ya kutia alama.

Fundi wa vipimo vya maji,
Kayole, Nairobi