Kuhusu vitabu vya ujauzito na malezi

Habari zenu wazazi watarajiwa. Wengi mmeniuliza kitabu kipi kinafaa. Kabla ya kununua, angalieni mwaka wa toleo, kisha fungueni sehemu ya usingizi wa mtoto. Kikisema alazwe kifudifudi, kiacheni hapo hapo; ushauri huo uliachwa miaka ya 1990, mtoto hulazwa chali. Kwenye lishe kiseme maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza (hata maji hapana), na asali isubiri atimize mwaka. Picha nzuri zisiwahadae. Mimi huanza na sura ya dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu. Mkiziona, wekeni kitabu chini mwende hospitali. Mwenye nakala ya kuazimisha aseme hapa.