Ukifika makumbusho ya vyoo, usiishie ndani

Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Nimefurahi kusikia darasa lenu litatembelea Makumbusho ya Kimataifa ya Vyoo ya Sulabh hapo New Delhi. Wewe unasomea uhandisi wa maji, na mji uliokulia watu wengi wanatumia mashimo na makaro, si mabomba ya majitaka. Kwa hiyo nataka uingie humo ukijua unatafuta nini.

Dk. Bindeshwar Pathak alianzisha shirika la Sulabh mwaka 1970 ili kuwatoa watu wa matabaka ya chini kwenye kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono na kukibeba kichwani. Makumbusho yalikuja baadaye, mwaka 1992. Yatazame ukiwakumbuka watu hao, maana ndio sababu ya vitu vyote vilivyomo.

Ndani, wageni hujazana kwenye nakala ya kiti cha enzi cha Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, chenye choo ndani yake. Piga picha, upite. Kaa zaidi kwenye habari za Mohenjo-daro, mji ambao tayari miaka kama 2500 kabla ya Kristo ulikuwa na mifereji ya matofali ya kuchoma, tena iliyofunikwa. Kisha linganisha wavumbuzi wawili wa Uingereza. John Harington alitengeneza choo cha kuvuta maji mwaka 1596, lakini hakikuwa na kitu cha kuzuia harufu isirudi chumbani. Alexander Cumming, mwaka 1775, alikunja bomba la chini likawa na umbo la S, maji yakabaki kwenye mkunjo na kuziba njia ya hewa chafu. Mkunjo huo tu ndio uliokiwezesha choo kuingia ndani ya nyumba.

Lakini London ilivyovipokea vyoo hivyo, uchafu uliondoka nyumbani ukaishia mto Thames, ambao wakazi wengi walikuwa wakiunywa. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad kilitoka kwenye pampu moja ya maji. Mwaka 1858 mto ulinuka hadi Bunge likashindwa kuvumilia, ndipo Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makuu ya majitaka. Huku kwetu kosa ni lilelile kila masika mtu anapotapisha choo chake: anatoboa shimo mvua ikizidi, kinyesi kinafuata maji hadi kwa wenzake wa bondeni. Kukisogeza si kukiondoa.

Sasa toka nje, uani, kwenye mifano ya choo cha mashimo mawili, kile kinachoenezwa na Sulabh. Hapo usiwe na haraka.

Anza na sinki la kuchuchumaa. Mteremko wake ni mkali, na mkunjo wake unashika maji ya kina cha milimita 20 tu, ndiyo maana lita moja na nusu hadi mbili zinatosha kusukuma. Sinki la kawaida lenye mkunjo wa kina kirefu linataka lita 10 au zaidi, na hapa Dar, kule Tandale au Manzese, maji ya ndoo yananunuliwa. Kutoka kwenye sinki bomba linafika kwenye chemba ndogo inayogawa njia mbili. Njia moja inazibwa, shimo moja linatumika. Kwa familia ya watu 5, shimo la upana wa mita moja hivi na kina cha mita moja na kidogo huchukua kama miaka mitatu. Likijaa, unahamisha kizibo. La kwanza linapumzika miaka miwili, mayai ya minyoo yanakufa, na kilichomo kinazolewa kama mbolea kavu isiyonuka. Bomba la hewa halihitajiki, kwa sababu gesi hunywewa na udongo kupitia matundu ya ukuta.

Matundu hayo yaangalie vizuri. Kwenye udongo wa kawaida huachwa ya milimita 50, lakini kwenye mchanga hupunguzwa hadi milimita 12 au 15, la sivyo mchanga unamwagika ndani na ukuta unaanguka. Mafundi wetu wengi hawalijui hili, na sehemu kubwa ya Dar ni mchanga. Pale maji ya ardhini yalipo karibu, kitako cha shimo huzibwa na pembeni huzungushiwa mchanga wa sentimita 50, na mara nyingi choo chote hunyanyuliwa juu ya ardhi. Hata hivyo bondeni kwa mtaa wetu wa Jangwani, kunakofurika, singethubutu kukijenga.

Kinachokiua choo hiki ni kusahau kizibo: mashimo yote mawili yanajaa pamoja, halafu hakuna lililopumzika, na aliye na shida analizoa bichi. Jambo la pili ni maji ya kuoga. Sisi tunajenga choo na bafu chumba kimoja, na ndoo mbili za kila mwanakaya kwa siku zinauzidi udongo nguvu. Bafu liwe na mfereji wake na shimo lake. Nepi na pedi zisiingie kabisa, zinakwama kwenye ule mkunjo mwembamba.

Beba futi ya kupimia. Nipimie umbali kati ya shimo na shimo, maana yakikaribiana maji ya lile linalotumika yanapenya kwenye lile lililopumzika. Chora pia chemba ya kugawia, uonyeshe kizibo kinakaaje na kimetengenezwa kwa nini. Shangazi yako wa Mbagala anaanza kuchimba mwezi ujao, kwa hiyo michoro hiyo itume mapema.

Ni mimi baba yako.