Kabla hamjapandisha mlima Ijumaa

Frisco, Colorado
Jumanne usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku wote wazima. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Uliposema mtatoka Aurora, hapo kando ya Denver, Ijumaa jioni baada ya kazi kwenda arusini Grand Junction, tena na Corolla ileile mliyokuja nayo kutoka Houston, nikaona bora niyaandike haya uyasome taratibu na umsomee shemeji.

Utabiri wa huku juu ni theluji kuanzia Alhamisi usiku. Najua hapo kwenu kuna jua, majani bado yako mitini, na unajiuliza Oktoba hii theluji ya nini. Rehema, tarehe 5 Septemba 2020 Denver ilifika nyuzi 38, na tarehe 8 theluji ikaanguka. Isitoshe, Denver iko mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na handaki la Eisenhower mtakalopita liko karibu mita 3,400. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 au 7. Nyinyi mkiwa na nyuzi 10 na kijua chenu, kule handakini kunaganda.

Theluji hii ya mwanzo naihofia kuliko ya Januari. Lami bado ina joto, kwa hiyo ile inayoanguka kwanza inayeyuka na barabara inaonekana imeloa tu. Jua likizama, maji hayo yanaganda yakawa barafu nyembamba isiyoonekana, kisha theluji mpya inaifunika. Madaraja hutangulia kuganda kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini. Na madereva wengi bado wana matairi ya kiangazi, hata nyinyi mkienda vizuri, aliye nyuma yenu huenda asiweze kusimama.

Basi matairi. Kuanzia Morrison hadi Dotsero kwenye barabara kuu ya I-70, tangu 1 Septemba mpaka 31 Mei, sheria inataka gari kama lenu liwe na matairi ya baridi au yenye alama ya M+S (matope na theluji), na mifereji yake isipungue kina cha inchi 3/16, yaani karibu milimita 5. La sivyo mbebe minyororo ya matairi ndani ya gari. Faini inaanzia dola 100 na kitu, na gari likikwama likafunga barabara, inapita dola 600. Lakini mimi faini sijali, nawawaza watoto walioko kiti cha nyuma. Tairi la kiangazi joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unakuwa mgumu, hauishiki barabara hata kama ni jipya. Matairi mazuri zaidi utayajua ubavuni: pamechorwa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kipimo cha kina cha mifereji kinauzwa duka la vipuri kwa dola chache. Pimeni yote manne, ndani na nje, maana tairi huweza kuisha upande mmoja.

Ukasema mkishindwa mtaazima gari la Shabani kwa kuwa linavuta magurudumu yote manne. Linasaidia kuondoka na kupanda. Kusimama halisaidii kitu, kwa sababu breki za gari lolote zinategemea tairi linavyoshika. Sasa matairi ya Shabani yakoje? Yakiwa vipara, afadhali Corolla yenye matairi mazuri.

Mkinunua minyororo, chukueni saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na someni kwanza kitabu cha gari, kwani baadhi ya magari hayana nafasi ya kutosha kati ya tairi na vyuma vya ndani. Pia kuna soksi za kitambaa za kuvalisha matairi, nazo jimbo linazikubali. Corolla inavuta kwa mbele, kwa hiyo fungeni mbele. Shemeji ajaribu nyumbani pakavu mchana, maana kwenye giza, vidole vimekufa ganzi, hakuna anayejifunza. Fungeni mahali tambarare pembeni mwa barabara kabla hamjakwama, endesheni mita mia chache, simameni mkaze tena. Msizidi maili 30 kwa saa. Mkifika lami kavu vueni, maana mnyororo ukikatika unaweza kupasua bomba la breki.

Mteremko unaonitia wasiwasi ni ule wa baada ya handaki mpaka Silverthorne, asilimia 7, na mwingine kama huo upande wa magharibi wa Vail Pass. Wekeni gia ndogo kabla hamjaanza kushuka, injini ndiyo ishikilie mwendo. Ile swichi ya gari kujishikilia kasi lenyewe (cruise control) izimwe kabisa. Tairi likiteleza, achia mafuta, geuza usukani taratibu uelekee unakotaka kwenda. Ukifunga breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kujifunga) pedali itatetemeka, usiiachie. Magari ya kusukuma theluji msiyapite, barabara nzuri iko nyuma yao. Na ramani ya simu ikiwaambia mpite Loveland Pass, njia ya juu ya mlima badala ya handaki, msiisikilize: ni mita 3,655 na kona zake nyingi hazina kingo.

Nakuomba, safari iwe Jumamosi saa nne asubuhi, barabara ikishasukumwa na jua likishatoka. Kabla ya kutoka fungua COtrip, tovuti ya jimbo ya hali ya barabara. Pakavu ni mwendo wa saa nne hadi Grand Junction, nyinyi hesabuni mwendo wa saa saba. Jazeni tangi, badilisheni maji ya waipa muweke ya baridi, maana ya Houston yatagandia kwenye kioo, na mpime upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea. Mbebe mablanketi, maji, chakula cha watoto, koleo na tochi. Mkikwama msitoke kutembea. Washeni injini dakika kumi kila saa, na kila mara kabla ya kuwasha, mtu aondoe theluji kwenye ekzosi, kwani moshi ukirudi ndani una gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua.

Mama Zuhura nitaongea naye mimi, hataona vibaya mkikosa mkesha. Arusi yenyewe si Jumapili?

Sasa nijibu: matairi yameandikwa nini ubavuni? Ni ya mwaka gani? Shabani amesema lake alibadilisha lini? Shemeji amewahi kuendesha kwenye theluji hata mara moja? Na mtoto mdogo anavaa viatu gani? Kama hana buti, ninazo za wa kwangu, piteni hapa Frisco mchukue, mle na supu ya moto kabla ya Vail Pass.

Wako,
Mwanaidi