Yah: Malalamiko Kuhusu Dawa Yenu ya Kutoa Mafuta kwenye Vitako vya Bunduki

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dawa yenu kwa sababu maandishi ya chupa yanaahidi kwamba inatoa mafuta ya kila aina na kwamba haidhuru vitako vya zamani. Niliipaka kwenye kitako cha mti wa jozi cha bunduki ya Lee-Enfield, baada ya kukitenganisha na chuma chote, nikifuata maelekezo yenu neno kwa neno. Ahadi zote mbili hazikutimia.

Kitako cha namna hiyo hubeba mafuta ya aina mbili. Yapo ya kitani, yaliyopakwa makusudi kuhifadhi mbao, ambayo huganda yakikutana na hewa. Yapo pia mafuta ya madini ya kulainishia chuma, ambayo hayakauki hata ipite miaka mingapi, na ambayo huteremka polepole hadi shingoni mwa kitako, hasa bunduki inapohifadhiwa mtutu ukiwa juu. Haya ya pili ndiyo yanayolegeza mbao hadi zikapasuka pale zinapopokea kishindo cha risasi, na ndiyo niliyoyanunulia dawa.

Karatasi ya usalama, mliyonitumia baada ya kuiomba, inaonyesha kwamba dawa hiyo ni soda kaustiki iliyoyeyushwa katika maji. Soda hiyo hugeuza mafuta ya mimea kuwa sabuni, jambo ambalo kila mpika sabuni analijua, lakini mafuta ya madini hayageuki sabuni. Ndiyo maana dawa yenu ilivua mafuta ya kitani na kuyaacha yale mengine mahali pake: kitako kilipopata joto kidogo, matone meusi yalichomoza tena shingoni, yakinuka mafuta ya bunduki.

Madhara hayakuishia hapo. Nyuzi za mbao zimesimama, rangi ya kahawia imekuwa nyeusi yenye ukijani, na muhuri wa mkaguzi uliogongwa ubavuni, ambao ulikuwa ukisomeka bila shida, sasa ni mashimo yasiyo na umbo. Rangi huenda ikarekebishwa. Muhuri haugongwi upya, na kupitisha msasa kungeufuta kabisa.

Ofisa wenu alinijibu kwamba kila mbao ina tabia yake, akanishauri nirudie dawa na kuiacha muda mrefu zaidi. Badala yake nilipaka shingoni uji mzito wa unga wa chaki na asetoni, njia ya mafundi iliyo ya polepole na inayotaka kukaa mbali na moto. Unga ulikauka ukiwa wa kahawia, umeloa mafuta ambayo dawa yenu ilidai kuyatoa.

Kwa hiyo naomba mnirudishie bei ya dawa pamoja na gharama ya fundi atakayekarabati kitako. Naomba pia muondoe kwenye chupa maneno "mafuta ya kila aina", na mtaje waziwazi soda kaustiki, pamoja na onyo la kuvaa glavu na miwani, ambalo kwa mshangao wangu halipo kabisa.

Kitako, chupa yenye dawa iliyobaki, risiti na picha za kabla na baada vipo tayari kwa ukaguzi wenu. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu mwaminifu,
Mteja