Kwa vijana mnaokwenda Umasaini na simu mkononi

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na ni afadhali niseme mapema msije mkadhani ni uzee tu. Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza Simanjiro na Kiteto, na bado wako watu huko wanaonipigia simu mambo yakiharibika. Safari hii yameharibika kwa mikono yenu.

Kundi la vijana kutoka usharika mmoja wa mjini lilipanda Coaster mbili kwenda huko kwa wiki moja, likaiita misheni. Fulana za rangi moja, spika, jenereta, magunia ya unga, marobota ya mitumba. Unga sina neno nao, watu walikuwa na njaa na uliliwa. Neno langu ni ile video. Wengi wenu mmeiona, na baadhi yenu mmeisambaza. Kijana ameinama mbele ya bibi mmoja ambaye macho yake yameharibiwa na ugonjwa wa vikope, amemshika kidevu kama anayekagua mbuzi mnadani, anaiambia kamera kwamba mama huyu hajawahi kulisikia jina la Yesu hadi leo. Kisha anamwombea kwa kelele, na bibi anaitikia amina kwa adabu, maana kwao mgeni hakatizwi maneno.

Bibi huyo alibatizwa kabla baba zenu hawajaoa. Mwinjilisti wa kwanza kufika kijijini pale alilala katika nyumba yake, ile ya kujengwa kwa samadi, na alikunywa maziwa ya kibuyu chake msimu mzima kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kunywa. Ibada zilianzia chini ya mgunga ulio nje ya boma lake. Mwinjilisti wa sasa wa mtaa ule yumo kwenye video pia, bega lake linaonekana pembeni, ndiye mkalimani. Sikilizeni vizuri: kijana anaposema "hajawahi kusikia", mkalimani ananyamaza. Hakuitafsiri. Angeitafsiri vipi, na bibi ndiye mama yake wa ubatizo?

Mjukuu wa bibi ni mlinzi Dar es Salaam. Aliiona video kwenye simu ya mlinzi mwenzake, usiku, lindoni. Akapiga simu nyumbani kuuliza tangu lini bibi yake amekuwa ombaomba. Nyumbani hawakujua kuna video. Mzee wa boma akanipigia mimi, akaniuliza swali moja tu: hawa ni wageni wa nani?

Mtasema mliomba ruhusa. Mtu ambaye umemtwisha gunia la unga dakika mbili zilizopita atakukataliaje? Ruhusa ya mwenye njaa haina uzito wowote, na ninyi mnalijua hilo, ndiyo maana mnagawa kwanza kisha ndiyo mnatoa simu. Nchi hii ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Inatia aibu kwamba Bunge limefikiria heshima ya bibi yule kabla ya kwaya ya vijana. Na Bwana wetu alilisema zamani zaidi, utoapo sadaka hata mkono wa kushoto usijue. Ninyi mmeujulisha mkono wa kushoto, wa jirani, na wa watu msiowajua walioko Ulaya.

Kwa hiyo nasema kama baba. Anayepokea msaada msimpige picha. Mgonjwa msimpige picha. Mtoto msimpige picha hata mama yake akikubali. Anayelia kwenye maombi msimpige picha, mwacheni alie. Siku mtakapokuwa mmekaa vya kutosha hata mkaalikwa kwenye harusi, wenyewe watawaita: njooni, tupigeni. Hapo pigeni mpaka chaji iishe. Na ile video ifutwe leo, siyo kesho, kisha wawili kati yenu waende kumwomba radhi bibi na mzee wa boma, wakiwa na sukari na majani ya chai, bila zile fulana zenu.

Lakini simu haikuinuka yenyewe. Wazee wenzangu mlioko maofisini, nanyi nawasema. Nani anayewaambia hawa watoto kwamba bila picha hakuna ripoti, na bila ripoti hakuna fedha? Nani aliyechora ile fomu inayouliza idadi ya waliookoka kwa siku? Mnawatuma kwa watu ambao hawahesabu ng'ombe wao wala watoto wao kwa sauti, kwao hilo ni jambo baya, halafu mnawadai hesabu. Gharama ya dizeli, fulana na jenereta ya wiki ile ingemlipa mwinjilisti wa mtaa posho ya muda mrefu. Posho yake ni ndogo na bado inachelewa. Anatembea kutoka boma hadi boma kwa sababu pikipiki aliyopewa haina tairi. Na alipokuja mgeni mwenye spika, yeye akawa mbeba spika. Tumejenga kanisa linalopenda safari na kuchoka na ukaaji.

Yesu aliwaambia wale sabini waingie nyumba moja wakae humo, wale na kunywa vya wenyeji, wasihamehame. Mmishonari ni mgeni aliye chini ya paa la mtu. Mwenye nyumba ana majina, ukoo, madeni, ugomvi na jirani, na historia yake na Mungu iliyoanza kabla hujafika.

Mtafuteni Apolo Kivebulaya mjue habari zake. Waafrika tunapenda kusimulia wamishonari wazungu, na huyu Muganda tumemsahau. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alivuka kwenda Mboga, upande wa Kongo. Chifu Tabaro hakumtaka. Alipigwa, na dada wa chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo akasingiziwa, akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Toro, upande wa Uganda. Ilipothibitika hana hatia, alirudi wapi? Alirudi Mboga kulekule, kwa watu walewale, na chifu yuleyule mwishowe akabatizwa. Akiwa mtu mzima kabisa akaingia msituni kwa Wambuti, watu wawindaji wa msitu ule. Alikufa mwaka 1933 na kaburi lake liko Mboga. Husimuliwa kwamba aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikokuwa imebaki.

Na kama mnataka mzungu, Johannes Rebmann alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846. Akaondoka 1875, karibu kipofu. Waongofu wake walikuwa wachache mno. Fomu zenu zingemfukuza kazi mwaka wa pili.

Sasa niwaambie maisha yenyewe yalivyo, maana naona mnafikiri ni mahubiri kutwa. Kabla hapajakucha akina mama wanakamua. Wanaume wanakagua zizi, wanaangalia nani anachechemea, nani hakulala vizuri. Saa hiyo usianze kupiga kengele. Ng'ombe wakishatoka ndipo boma linatulia na mtu anaweza kukusikiliza. Supai ni ya kuwasalimia wanaume, takwenya ni ya kuwasalimia akina mama, na watoto wanakuinamishia kichwa ukiguse. Usipokigusa, umemkataa mtoto wa watu. Kiangazi maboma yanabaki na wazee, wengine wamefuata malisho, na Jumapili unaweza kuhubiria bibi watatu na mbwa. Ni ibada kamili. Wafuate na wale wengine waliko.

Mwaka 2009, ukame ule uliomaliza mifugo kaskazini yote, nilikuwa huko. Ng'ombe walidhoofu hata hawawezi kusimama wenyewe. Kila asubuhi tuliwainua, mmoja mkiani, wengine kwenye mbavu na pembe, mpaka asimame ajikokote kutafuta chochote. Asiyeinuka alikufa palepale. Wiki kadhaa ibada ya asubuhi ilikuwa hiyo tu: kuinua ng'ombe. Hakuna aliyeniomba nihubiri, nami sikuwa na la kuhubiri. Mzee mmoja ambaye miaka yote alinipita kama kisiki, zizi lake lilipoisha alikuja akaketi mlangoni pangu. Hatukuzungumza. Jioni akaniambia niombe, lakini kwa ufupi. Mwanzoni mwa 2022 Simanjiro ililia tena, mizoga kila mahali, na nilimsikia mwinjilisti kijana akisema kwa simu, "Mzee, leo tumeinua saba." Nikajua huyo atadumu.

Imani yako huko itakauka, nami sitakudanganya. Hapa mjini unabebwa: kwaya inaimba, umeme upo, mchungaji anakuombea kwa jina. Kule utaomba peke yako kwa taa ya tochi, na kuna miezi ambayo maneno yatakuwa makavu mdomoni kama unga. Usijilaumu, wala usitafute msisimko wa bandia. Soma Zaburi kwa sauti, hata zile za kulalamika, hasa hizo. Kisha lala. Wanangu, wako waliokuja kwangu wakilia kwamba wamepoteza wito, kumbe walikuwa na malaria na hawajala vizuri kwa wiki mbili. Pima kwanza damu ndipo upime wito.

Mengine nayataja tu, hayahitaji maelezo. Jifunzeni Kimasai, na msimwachie mkalimani maisha yenu. Chemsheni maji. Msikope dukani. Msinunue ng'ombe kwa muumini kwa mali kauli. Siku ya mnada msipange mkutano, hakuna atakayekuja. Msitembee usiku, tembo hawaheshimu kola. Ugomvi wa ardhi msiusemee madhabahuni kabla hamjasikiliza pande zote, na hata mkishasikiliza, semeni kidogo. Maziwa mkipewa, nyweni. Binti wa watu aachwe. Mwenye mke aende naye, asimwache mjini alee watoto peke yake kwa jina la Injili, hilo nimeliona likivunja nyumba nyingi.

Mtakapofika mniandikie. Ripoti pelekeni ofisini, mimi sizisomi. Niambieni mnalala kwa nani, ng'ombe wa nani amezaa, nani kafiwa, mvua imefika wapi, ni nani aliyewacheka mlipokosea kusalimia. Wenye simu nipigieni jioni, mchana huwa nimelala.

Baba yenu katika Bwana,
mwinjilisti mstaafu